Hisani na maridhiano: Nafasi ya mashirika ya wenyeji katika mitaa ya Eastlands

KATIKA mitaa ya mashariki mwa jiji la Nairobi, inayojulikana kwa jumla kama Eastlands, msaada si jambo geni. Tangu miaka ya 1920, Pumwani ilipotengwa kuwa makazi ya Waafrika, wamefika huko wahisani wa kila aina: wake za magavana, wamisionari, mashirika ya kimataifa, mabalozi na wanasiasa. Wameacha hospitali, kumbi na shule ambazo zimewafaa watu wengi. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho mkazi wa Eastlands alikuwa mpokeaji tu. Aliyeamua kijengwe nini, wapi na kwa manufaa ya nani, alikuwa mtu mwingine.

Katika miongo ya karibuni umeenea mtazamo tofauti, kwamba fedha zinazotolewa kwa nia ya kuponya dhuluma za zamani zipitie mikononi mwa mashirika yanayoongozwa na waliodhulumiwa wenyewe. Kwa mtazamo huo, hisani huwa sehemu ya maridhiano iwapo anayetoa anakubali kuacha pia mamlaka ya kuamua. Asipokubali, fedha huweza kujenga jengo zuri na kuacha uhusiano wa kale baina ya bwana na mhitaji ukiwa palepale.

Makala haya yanaeleza chimbuko la mtazamo huo, historia iliyoufanya uwe na uzito Eastlands, mifano ya mashirika yaliyoufuata, na mambo ambayo mtoaji na mpokeaji wanapaswa kuyazingatia.

Maana ya wenyeji na maridhiano

Katika nchi nyingi, mjadala huu ulianza na jamii asilia, yaani jamii zilizoikalia ardhi kabla ya kuja kwa walowezi au dola iliyozinyang’anya. Nchini Canada, tume ya ukweli na maridhiano iliyochunguza shule za bweni walikopelekwa watoto wa jamii hizo ilitoa mapendekezo 94 mwaka wa 2015. Tangu wakati huo, raia wengi wa nchi hiyo wamehimizwa kuchangia mashirika yanayoongozwa na jamii hizo zenyewe, kama njia mojawapo ya kutenda maridhiano badala ya kuyatamka tu.

Kenya nayo ina jamii asilia. Katiba ya 2010 inazitaja miongoni mwa jamii zilizotengwa. Kesi inayojulikana zaidi ni ya Waogiek wa msitu wa Mau. Mnamo Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa serikali ya Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafurusha msituni. Juni 23, 2022, mahakama hiyo iliagiza Waogiek walipwe Sh57.85 milioni kwa hasara ya mali na Sh100 milioni kwa madhara mengine. Iliagiza pia fedha hizo ziwekwe katika hazina ya maendeleo ya jamii hiyo, itakayosimamiwa na kamati yenye wawakilishi wa Waogiek. Mahakama ilitambua kwamba kulipa ni jambo moja, na kumpa aliyedhulumiwa sauti juu ya malipo ni jambo jingine.

Eastlands ni mahali pa namna nyingine. Wakazi wake walitoka kila pembe ya Kenya na hata nje ya mipaka yake. Huko mwenyeji hatambuliwi kwa asili ya kabila. Ni yule aliyezaliwa, kukulia au kuzeeka katika mtaa huo na kubeba taabu zake. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shirika la wenyeji, kwa maana inayotumika hapa, ni lile ambalo uongozi, mipango na mkoba wake vimo mikononi mwa watu wa aina hiyo, au mwa Wakenya wanaowajibika kwao moja kwa moja.

Chimbuko la deni

Majina ya mitaa ya Eastlands ni daftari la historia. Kariokor ni matamshi ya Kiswahili ya jina la kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa maradhi na njaa, na mishahara ya wengi waliofariki haikuwafikia jamaa zao. Shauri Moyo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Pangani kilipobomolewa na wakazi wake kutakiwa kuhama. Jina lenyewe linabeba uchungu wa mtu aliyeachiwa uamuzi ambao kwa kweli haukuwa wake.

Chini ya utawala wa kikoloni, Mwafrika alihesabiwa mjini kama mgeni wa muda aliyekuja kufanya kazi. Alitakiwa kubeba kipande, na nyumba nyingi zilizojengwa na halmashauri au shirika la reli zilikuwa vyumba vya wanaume wasio na familia, ambapo mtu alipangishwa nafasi ya kitanda. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ndipo mitaa kama Kaloleni ilipopewa sura ya makazi ya familia, ikiwa na ukumbi ambao baadaye ulikuwa kitovu cha siasa za kudai uhuru.

Kilele cha machungu kilikuwa Aprili 24, 1954, wakati serikali ya kikoloni ilipoanzisha Operesheni Anvil. Maelfu ya wanajeshi na polisi waliuzingira mji, wakaingia katika mitaa ya Waafrika, na kuwatenga watu wa jamii za Wakikuyu, Waembu na Wameru. Watu zaidi ya 20,000 waliwekwa vizuizini, wengi wao wakipelekwa Lang’ata, Manyani na Mackinnon Road. Wake na watoto wengi walirejeshwa maeneo ya mashambani. Nyumba zilibaki tupu, biashara zikafungwa, na vyama vya wafanyakazi vikapoteza viongozi wake.

Uhuru haukufuta kila kitu. Jiji lilikua haraka kuliko nyumba zake. Mathare, Korogocho na Mukuru zilipanuka bila hati za ardhi, na tishio la kubomolewa likawa sehemu ya maisha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 kote nchini zilifika pia Mathare na Huruma, na majirani wakatengana kwa misingi ya kikabila. Kwa hiyo deni la historia Eastlands lina pande kadhaa: baina ya dola ya kikoloni na raia, baina ya serikali huru na maskini wa mjini, na baina ya majirani wenyewe.

Hisani ya zamani na mipaka yake

Ingekuwa kosa kudhani kwamba wahisani wa enzi ya ukoloni hawakufanya lolote jema. Hospitali ya uzazi ya Pumwani ilianzishwa mwaka wa 1926 ikiwa na jina la Lady Grigg, mkewe gavana Edward Grigg. Hadi leo ni miongoni mwa hospitali kubwa za uzazi katika eneo hili, na wakazi wengi wa Nairobi walizaliwa humo. Lakini ilikuwa hisani ndani ya mfumo uliowatenga watu kwa rangi, na wanawake iliowahudumia hawakuwa na kauli katika mfumo huo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Maktaba ya McMillan, iliyoko katikati ya jiji. Ilijengwa kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1925, kwa juhudi za mjane wake, Lucie. Ilifunguliwa mwaka wa 1931, na mwaka wa 1938 ikatungiwa sheria yake maalumu. Ilikuwa zawadi kwa mji, lakini milango yake ilikuwa wazi kwa Wazungu pekee, na Waafrika walio wengi hawakuruhusiwa kusoma humo hadi utawala wa kikoloni ulipokaribia kuisha.

Kwa upande mwingine, kulikuwa na dalili za njia tofauti. Mwaka wa 1959, Geoffrey Griffin, Mwingereza aliyekuwa ametumikia jeshi la kikoloni na baadaye kusimamia kituo cha vijana waliozuiliwa huko Wamumu, aliungana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kuanzisha kituo cha Starehe kwa wavulana waliokuwa wakirandaranda mitaani. Kilianza kwa vibanda vya mabati na michango ya wahisani, na kikakua kuwa mojawapo ya shule zinazoheshimika sana nchini. Kilichokitofautisha ni kwamba Wakenya wawili walikuwa waanzilishi tangu siku ya kwanza, wakiwa na sehemu katika kuamua mwelekeo wa mahali hapo.

Fidia ya 2013 na funzo lake

Mwaka wa 2003, serikali ya Kenya iliondoa marufuku dhidi ya Mau Mau iliyokuwa imedumu tangu ukoloni. Hatua hiyo iliwawezesha wapiganaji wa zamani kujisajili rasmi. Mwaka wa 2009, wazee wachache wakisaidiwa na chama cha wapiganaji hao na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la serikali, waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London kwa mateso waliyotendewa vizuizini.

Juni 6, 2013, Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Uingereza, William Hague, aliliambia bunge la nchi yake kwamba serikali ilijutia yaliyotendeka, na kwamba ingelipa paundi milioni 19.9, gharama zikiwemo, kwa ajili ya walalamishi 5,228. Uingereza iligharimia pia mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa katika bustani ya Uhuru Park Septemba 2015.

Malipo hayo yalikuwa ya kihistoria, lakini yaliwaacha wengi nje. Kesi nyingine, iliyowasilishwa kwa niaba ya watu zaidi ya 40,000, ilitupiliwa mbali na mahakama ya London mwaka wa 2018. Aidha, fidia ya mtu mmoja mmoja haikuweza kurejesha kile kilichovunjwa kwa pamoja: mtaa, chama, ukumbi, elimu ya kizazi kizima. Mfalme Charles III alipozuru Kenya Oktoba 31, 2023, alieleza masikitiko na majuto makubwa kuhusu maovu ya enzi hiyo, ingawa hakuomba msamaha rasmi. Ndipo swali la taasisi linapoingia. Ikiwa fidia ya mahakama ina mipaka, hisani inayopewa mashirika ya wenyeji inaweza kufanya nini?

Maktaba za Kaloleni na Makadara

Katika ziara hiyohiyo, Mfalme Charles na Malkia Camilla walifika katika Maktaba ya Eastlands, Makadara. Maktaba hiyo na ile ya Kaloleni ni matawi ya Maktaba ya McMillan. Yote matatu ni mali ya umma chini ya Kaunti ya Nairobi, na kwa miaka mingi yalikuwa yamechakaa: mapaa yakivuja, vitabu vikiwa vya zamani, viti vikiwa vichache.

Mwaka wa 2017, Wanjiru Koinange, mwandishi wa riwaya, na Angela Wachuka, aliyekuwa mchapishaji, walianzisha shirika la Book Bunk kwa lengo la kuzikarabati maktaba hizo. Mwaka uliofuata waliingia mkataba na kaunti. Badala ya kuanza na jengo maarufu la katikati ya jiji, ambalo lingewavutia wafadhili upesi, matawi ya Eastlands ndiyo yaliyotangulia kukamilika. Kaloleni ilifunguliwa tena mwaka wa 2020, kisha Makadara ikafuata. Fedha zilitoka kwa wahisani wa ndani na nje, wakiwemo watu binafsi. Safari ya kina mama hao wawili imesimuliwa katika filamu ya Maia Lekow na Christopher King iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025.

Umuhimu wa kisa hiki unazidi rangi mpya ukutani. Maktaba iliyoanza kama zawadi ya kuwatenga Waafrika sasa ilikuwa ikifanyiwa maamuzi na wanawake wawili wa Kiafrika: vitabu gani vibaki, vipi viondolewe, watoto wa Kaloleni wasome nini, na kumbukumbu za kikoloni zitunzwe vipi bila kutukuzwa. Mfadhili aliyetoa fedha zake alikuwa akiunga mkono haki ya watu hao kuamua. Wakati huohuo, kisa hicho kinaonesha udhaifu wa mpango wa aina hii. Kwa kuwa majengo ni ya kaunti, kazi ya shirika hutegemea uhusiano wake na serikali, na serikali hubadilika kila baada ya uchaguzi.

Nyumba na ardhi: Huruma na Mukuru

Muungano wa Wanavijiji uliundwa mwaka wa 1996, wakati ubomoaji wa vibanda ulipokuwa umeshamiri Nairobi. Ni mtandao wa wakazi wa mitaa ya mabanda wanaoweka akiba kidogo kidogo katika vikundi, kuhesabu nyumba na watu wao wenyewe, na kutumia takwimu hizo kujadiliana na serikali. Mfuko wake, Akiba Mashinani, hupokea fedha za wafadhili na kuzichanganya na akiba za wanachama ili kukopesha vikundi.

Huko Kambi Moto, katika mtaa wa Huruma, wakazi walikubaliana na iliyokuwa Halmashauri ya Jiji kuhusu ardhi waliyoikalia, na kuanzia mwaka wa 2003 wakaanza kujenga nyumba ndogo za orofa kwa mikono na akiba zao. Jambo gumu zaidi halikuwa saruji. Katika mitaa ya mabanda, mwenye kibanda na mpangaji huwa na uhasama wa muda mrefu, na uhasama huo mara nyingi hupata sura ya kikabila. Mpango wa Huruma uliwataka wenye mabanda na wapangaji wakubali kuhesabiwa kwa haki sawa katika makazi mapya. Makubaliano hayo hayangeweza kuletwa na mhisani kutoka nje. Kazi ya fedha za nje ilikuwa kuyapa makubaliano hayo nguvu baada ya wenyewe kuyafikia.

Hali kama hiyo ilijitokeza kwa upana zaidi katika Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Mnamo Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza maeneo hayo, yenye takriban familia 100,000, kuwa eneo maalumu la mipango. Takwimu na vikundi vya Muungano, pamoja na utafiti wa vyuo vikuu na mashirika mengine, vilichangia pakubwa katika uamuzi huo. Wakazi walipangwa katika vikundi vidogo vya familia jirani ili kila nyumba iwe na mtu wa kuisemea wakati wa kupanga barabara, maji na shule.

Michezo na haki: Mathare

Shirika la michezo la vijana wa Mathare, linalojulikana kwa kifupi kama MYSA, lilianzishwa mwaka wa 1987 na Bob Munro, raia wa Canada. Kanuni yake ya mwanzo ilikuwa rahisi: timu ya kandanda ilijipatia pointi za ligi uwanjani na pia kwa kuzoa taka mtaani. Mwaka wa 1994 ilizaliwa klabu ya Mathare United, ambayo ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka wa 2008, mwaka uleule ambao mtaa huo ulianza ukiwa umegawanyika kwa ghasia.

Ingawa mwanzilishi alikuwa mgeni, vijana waliokulia katika ligi hizo walipewa nafasi ya kuchagua viongozi wao na kusimamia kanda zao. Hilo linaonesha kwamba asili ya mwanzilishi haimalizi hoja. Linalohitaji kuulizwa ni iwapo madaraka yalihama, na yalihamia kwa nani.

Kituo cha haki za kijamii cha Mathare, kilichoanzishwa mwaka wa 2014, kinatoka kwa wakazi wenyewe. Ripoti yake ya 2017 ilikusanya visa vya vijana waliouawa na polisi bila kufikishwa mahakamani, ikitegemea ushuhuda wa familia ambazo zisingemfungulia mlango mtafiti wasiyemjua. Baada yake, vituo vya aina hiyo vimeenea katika mitaa mingine, ikiwemo Dandora na Kayole. Mashirika kama haya hupata shida kubwa kuwapata wafadhili, kwa kuwa kazi yao haina jengo la kuzinduliwa wala utepe wa kukatwa.

Upungufu wa serikali unaongeza uzito wa kazi hiyo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013. Mnamo Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya dola na kutangaza hazina ya Sh10 bilioni kwa waathiriwa wa dhuluma za kihistoria. Miaka mingi baadaye, waathiriwa walikuwa bado wakidai malipo. Katika pengo hilo, mashirika ya mitaani ndiyo yaliyoendelea kuwaleta pamoja mama aliyempoteza mwanawe na jirani ambaye hakuwa akisalimiana naye.

Desturi ya kutoa

Isidhaniwe kwamba hisani ni utamaduni ulioagizwa kutoka ng’ambo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Vyama vya kina mama vya kuweka akiba, michango ya mazishi, harambee za karo, na wakfu wa Waislamu katika Pumwani na Majengo ni taasisi za kale kuliko mashirika mengi ya kimataifa yaliyoko Nairobi. Wakazi wa mapema wa mitaa hiyo waliunda vyama vya kusaidiana vya watu waliotoka sehemu moja, ili mgonjwa auguzwe na maiti isafirishwe nyumbani.

Kuja kwa huduma ya M-Pesa mwaka wa 2007 kuliipa desturi hiyo mbawa mpya. Mtoto wa Jericho anayefanya kazi Qatar, au wa Buruburu anayeishi Uingereza, anaweza kuchangia kikundi cha mtaani kwa dakika chache. Kwa hiyo swali la maridhiano halimhusu mzungu mwenye majuto peke yake. Linamhusu pia mkazi wa mitaa ya kifahari magharibi mwa jiji, ambaye faida yake hutokana kwa kiasi fulani na mgawanyo wa ardhi na huduma uliochorwa na wakoloni na kuendelezwa na warithi wao.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kutoa

Mtu au kampuni inayotaka kutoa kwa nia ya maridhiano inashauriwa kuanza kwa kuuliza nani anaongoza. Shirika lenye picha za watoto wa Korogocho kwenye vipeperushi, lakini bodi yake haina hata mtu mmoja aliyeishi huko, haliwezi kuitwa la wenyeji.

Pili ni usajili. Vikundi vidogo husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Mashirika makubwa husimamiwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya 2013, ambayo ilianza kutumika rasmi Mei 14, 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya 1990. Chini ya kanuni za kodi, michango ya fedha kwa mashirika yaliyoidhinishwa inaweza kupunguzwa katika hesabu ya kodi ya mapato, mradi mtoaji awe na stakabadhi na vyeti vinavyohitajika.

Tatu ni aina ya msaada. Wafadhili wengi hupenda kugharimia shughuli moja kwa muda mfupi, kisha wakaondoka. Shirika la mtaani huhitaji pia kodi ya ofisi, umeme, mshahara wa mhasibu na nauli ya wanaojitolea. Fedha zisizofungwa na mradi mmoja, zinazoahidiwa kwa miaka kadhaa, humwezesha kiongozi wa mtaa kupanga badala ya kuombaomba.

Nne ni hesabu. Kuwaamini wenyeji si kufumba macho. Kikundi cha mtaani huweza kutekwa na ukoo mmoja, mwanasiasa au mwenyekiti asiyetaka kuondoka. Kinachotakiwa ni uwajibikaji unaoelekezwa kwanza kwa wakazi: hesabu zinazosomwa katika baraza kwa lugha inayoeleweka, uchaguzi wa mara kwa mara, na nafasi ya kina mama na vijana kuhoji. Ripoti ya mfadhili ije baadaye.

Tano ni heshima. Picha ya mpokeaji akiwa ameshika unga mbele ya bango la mfadhili hugeuza deni kuwa fadhila. Anayelipa deni hapigi picha na anayemdai.

Vikwazo vilivyopo

Mnamo 2016, katika mkutano wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu uliofanyika Istanbul, wafadhili wakuu waliahidi kwamba kufikia mwaka wa 2020 asilimia 25 ya fedha hizo zingefika kwa mashirika ya ndani ya nchi kwa njia ya moja kwa moja iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa. Fomu ndefu za Kiingereza, masharti ya ukaguzi yanayogharimu kuliko mradi wenyewe, na mazoea ya kuwaamini wanaofanana na mfadhili ni baadhi ya sababu zinazotajwa.

Kikwazo cha pili ni ardhi. Mitaa mikongwe ya Eastlands imo katika mipango ya kujengwa upya, na baadhi imeshabomolewa ili kupisha majengo marefu. Kikundi kinachopoteza ukumbi wake, au wanachama wake wanapotawanyika, hupoteza kitu ambacho hundi ya mfadhili haiwezi kukirudisha.

Kikwazo cha tatu ni hatari ya hisani kuchukua nafasi ya haki. Maji, usalama na hati za ardhi ni wajibu wa serikali. Kuchangia kituo cha haki Mathare hakuifutii serikali jukumu la kuwashtaki wauaji, na kukarabati maktaba hakuiondolei Uingereza swali la msamaha. Mashirika bora ya Eastlands yanalijua hilo. Hutumia fedha za wahisani kuyapa madai ya wakazi sauti, badala ya kuyanyamazisha.

Kwa wale waliobaki wa kizazi cha 1954, muda wa kungoja ni mfupi. Kwa wajukuu wao wanaosoma chini ya paa lisilovuja Kaloleni, kipimo cha maridhiano kitakuwa cha kawaida zaidi: kama maktaba itakuwa wazi mwaka ujao, nani atashika ufunguo, na kama mchango unaokuja utamwuliza mwenyeji anataka nini kabla ya kumwambia anahitaji nini.